Kipanga Asiyekawia

Saa mbili na nusu asubuhi, Kipanga aliachiwa kutoka kilele cha nguzo ya udongo ndefu kuliko zote katika korongo la Isimila, na watu sitini waliokuwa chini wakaacha kutafuna.

Hilo si jambo dogo. Watu wa kambi ya picha za sinema hawaachi kutafuna kwa sababu jua limepatwa, wala kwa sababu mwongozaji amekasirika. Lakini asubuhi hiyo maandazi yalibaki mashavuni, na macho yote yakaelekea kwenye kioo kikubwa kilichosimikwa kivulini, ambako kila alichokiona Kipanga kilionekana papo hapo.

Kipanga alikuwa kamera. Umbo lake lilikuwa kama la parachichi la Njombe, na uzito wake kama wa parachichi hilohilo kabla halijaiva. Alikuwa na feni nne ndogo zisizo na sauti, na mbele yake lenzi ya majimaji, iliyojikunja na kujikunjua kama mboni ya jicho la mtu. Alishuka kando ya nguzo ile ya udongo akiwa karibu nayo kwa upana wa kiganja tu, na mistari iliyochongwa na mvua za maelfu ya miaka ikapita kiooni, kila mmoja wazi kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi. Akapenya kati ya nguzo mbili, akapita chini ya kwapa la mwigizaji aliyeshika mkuki, akazunguka sikio la punda, na mwisho akatulia, vidole viwili kutoka ardhini. Kiooni, mkubwa kama basi, alionekana sisimizi aliyebeba punje ya ulezi. Vinyweleo vya miguu yake vilihesabika. Sisimizi akaitua punje, akaigeuza, akaibeba upya kwa upande mwingine, na watu sitini wakashusha pumzi pamoja naye.

Tangu kileleni hadi kwa sisimizi, picha haikutia ukungu hata mara moja.

Idrisa Luhanga, mwongozaji, mtu aliyevaa miwani ya giza hata ndani ya hema na aliyependa kujiita "sisi", alitangaza kwamba sisi tumeridhika. Watu wakapiga makofi kwa heshima, kisha wakarudi kwenye maandazi.

Mwanamke aliyekuwa akimwongoza Kipanga hakupiga makofi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya hema, kioo kidogo mbele yake, mikono juu ya mapaja, naye kwa dakika zote zile hakuwa ametikisa hata ukucha. Aliitwa Felista Kihwele. Chini kidogo ya kiwiko chake cha kulia alivaa kikuku cheusi chepesi, na kikuku hicho ndicho kilichokuwa ajabu yenyewe.

Ili mtu aielewe ajabu ya kikuku, lazima kwanza ayaelewe mateso ya kukaza picha. Lenzi ya kamera kubwa haioni vyote kwa pamoja. Mwigizaji akisimama hatua nne mbele, lenzi ikazwe kwa hatua nne. Akisogea nusu hatua, nayo isogezwe, la sivyo pua itakuwa wazi na macho yatakuwa uji. Kazi hiyo hufanywa na mkaza-picha. Hapo zamani alipima kwa utepe, akachora alama za chaki sakafuni, akamwomba mwigizaji kwa unyenyekevu asimame kwenye chaki, na mwigizaji kwa kiburi akasimama kando yake. Mkaza-picha alizungusha gurudumu kwenye lenzi kwa vidole huku akiomba Mungu. Baadaye gurudumu liliachana na lenzi, likawa linashikwa mkononi na kutuma amri kwa mawimbi, pasipo waya. Lakini palibaki adui mmoja, mdogo na mkaidi, ambaye mafundi walimwita ukawio: ule muda mfupi kati ya mtu kutaka na kamera kutii.

Mhandisi Lwitiko Mwaipopo alikuwa amemuua ukawio. Mwaka huo, 2096, Iringa ilikuwa jiji la magari ya kamba na maghorofa ya mianzi ya chuma, na katika kambi za picha roboti wabeba taa walitembea kwa miguu sita, wakiomba samahani kwa kila waliyemkanyaga. Hata hivyo, katika mashine zote hizo hapakuwa na iliyotii kabla ya kuamriwa. Kikuku cha Lwitiko kiliweza. Amri ya mtu hutoka kichwani na kusafiri kwa mishipa ya fahamu hadi vidoleni. Kikuku kiliivizia njiani, kwenye kiwiko, kikaisoma na kuituma kwa Kipanga. Vidole vilipokuwa bado vinajiandaa, Kipanga alikuwa ameshafika. Wageni walioonyeshwa jambo hilo waliomba waonyeshwe tena.

Kati ya watu kumi na wanne waliojaribiwa, Felista peke yake ndiye aliyemfanya Kipanga aruke kama kiumbe. Alikuwa amekaza picha kwa mkono kwa miaka kumi na saba. Lwitiko alisema kwamba yeye alitengeneza kikuku, lakini Kipanga alitengenezwa na Felista.

Sasa ni lazima lisimuliwe jambo la sinia.

Kambini palikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Saa saba mchana mtungi wa maji ulipita, watu wakanawa, na kila kundi la watu sita likazunguka sinia moja la ugali, mwongozaji na mfagiaji goti kwa goti. Mpishi, Mama Chaula, ndiye aliyeilinda desturi hiyo, na hakuna waziri aliyewahi kulinda mpaka wa nchi kwa ukali kama ule. Siku moja mwezi wa tisa, Felista alinyoosha mkono kwenye sinia, akamega tonge. Alimega kwa mkono wa kushoto.

Tonge liliingia kinywani, na wale watano wengine wakaacha kula. Mtu mmoja alikohoa. Felista hakuonekana kuelewa. Siku ya pili akafanya vilevile, na ya tatu pia. Kikao kikaitwa nyuma ya jiko, kikiwa na mwenyekiti na katibu, na baada ya majadiliano marefu kikaamua kwamba sifa zimempanda kichwani dada huyu. Kwamba ameanza kutudharau. Na kwamba mtu anayeingiza mkono wa kushoto kwenye sinia la wenzake apewe sahani yake na kijiko chake, akae peke yake, ajifunze. Uamuzi ulipita bila kupingwa. Felista alipopewa sahani, alishukuru. Wakaona hiyo ndiyo jeuri kamili.

Kwa wiki tatu alikula peke yake, mgongo ukiwaelekea watu. Lwitiko hakujua lolote, kwa sababu alikuwa akila mkate ndani ya kontena lake la ufundi huku akiunganisha nyaya. Ni Mama Chaula aliyekwenda kumwambia, akiwa na mwiko mkononi. Alisema amelea watoto saba na amewahi kuona kila aina ya jeuri. Ya huyu dada ilikuwa inamkosesha usingizi, kwa kuwa jeuri hailii. Na jana alimwona Felista akilia juu ya sahani.

Lwitiko akaenda. Alimkuta Felista ameketi chini ya mgunga, wali na maharage mbele yake, kijiko kando, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe.

"Dada Felista," alisema, "hebu shika kijiko. Kwa mkono wa kulia."

Felista akamtazama, kisha akakitazama kijiko.

"Nimeshakishika," alisema.

Kijiko kilikuwa palepale kando ya sahani.

Wote wawili walikiangalia kwa muda. Roboti mbeba taa alipita, akamkanyaga Lwitiko, akaomba samahani, na Lwitiko hakusikia maumivu. Alikuwa amefahamu kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayesoma barua fupi. Kuna mwanafunzi wa bweni ambaye, jina lake linapoitwa asubuhi, rafiki yake huitikia "nipo" kwa niaba yake. Wiki ya kwanza huamka na kusikiliza. Wiki ya pili hujigeuza upande. Kufika mwisho wa muhula haamki kabisa, na moyoni ana hakika kwamba alikuwepo mstarini. Ubongo wa Felista ulikuwa umetoa amri mara laki moja, na mara zote laki moja kazi ilikuwa imekwisha kabla vidole havijaitwa. Ukajifunza. Sasa ukitoa amri, ulihesabu kuwa imetekelezwa, ukaendelea na mambo mengine.

Daktari wa mishipa ya fahamu mjini alipima mkono kwa siku nzima. Alisema mkono ni mzima. Mifupa mizima, misuli mizima. Ni njia ya kuufikia tu inayoota majani. Ikipitwa upya kila siku itafunguka, pengine yote. Ikiachwa hadi mvua za mwisho wa mwaka, yeye asingeahidi kitu.

Ilikuwa imebaki picha moja tu, ya mwisho. Watu mia nne wangetoka kati ya nguzo wakati wa jua kuchomoza, kama watu wanaohama makwao, wamebeba kila walichoweza kubeba, na kwa dakika tisa zisizokatwa Kipanga angewapitia wote hadi aufikie uso wa binti mmoja aliyekuwa akigeuka kutazama nyuma. Zilibaki siku kumi na mbili.

Lwitiko alimweleza Felista mpango wake. Angeurudisha ukawio. Kikuku kingengoja, kisingetuma amri yoyote mpaka kidole chenyewe kizungushe gurudumu dogo, kama zamani. Kipanga angechelewa kwa robo sekunde, lakini mkono ungelazimika kwenda kazini.

Felista alimwuliza kama kwa ukawio huo angekuwa mzuri vilevile.

"Hapana," Lwitiko akasema.

"Basi sitaki, mdogo wangu."

Na akamweleza, polepole, bila hasira. Kwa miaka kumi na saba alifanya kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Picha ikikaa sawa, husifiwa mwigizaji. Ikitia ukungu, huulizwa mkaza-picha yuko wapi. Alizijua picha zake zote kwa makosa yake. Lakini akivaa kikuku, hakuna picha ya kukaza. Anatazama tu. Anatazama jiwe, nalo linajitokeza. Anatazama uso wa mtu, na mtu huyo anakuwa dhahiri, kana kwamba alikuwa akingojea atazamwe. "Kule juu sina mkono," alisema, "wala sijawahi kuukumbuka."

Lwitiko alirudi kontenani, akakichukua kikuku cha akiba ambacho hakuwahi kukivaa kwa zaidi ya dakika tano za majaribio, akaketi mbele ya kioo, akakivaa kwa saa nne.

Angeulizwa baadaye aliona nini, asingeweza kueleza vizuri, ingawa alikuwa mhandisi na kueleza ilikuwa kazi yake. Aliona korongo lote la Isimila kama mtu anavyouona mkono wake mwenyewe. Mwewe alipopita, aliuona unyoya mmoja uliokaa vibaya. Aliingia katika ufa wa nguzo ya udongo na kukuta chembe za mchanga zikimeta kama mji wakati wa usiku, kila chembe na taa yake, na alipoitaka moja, ilikuwa imeshakuja. Hakukuwa na kutaka na kupata. Vilikuwa kitu kimoja. Alilia kidogo, kwa namna ya kitaalamu. Saa nne zilipokwisha alikivua kikuku kama mtu anayetolewa kitandani alfajiri ya baridi.

Alipotoka nje, Mama Chaula alikuwa akipita. Lwitiko akamwamkia shikamoo, akampa mkono. Mama Chaula akaitikia marahaba, naye akanyoosha wake, na ukabaki hewani. Aliungoja wa Lwitiko. Lwitiko alimtabasamia, akiwa na hakika kabisa kwamba wameshikana mikono. Aliuhisi hata ugumu wa kiganja cha mpishi.

"Mwanangu," Mama Chaula akasema kwa sauti ndogo, "na wewe?"

Saa nne tu. Mkono wake ulimrudia kabla ya chakula cha usiku, lakini alipomsimulia Felista kesho yake, alikuwa bado akifungua na kufumba vidole mara kwa mara kuhakikisha vimo. Felista alicheka, kicheko cha kwanza kwa wiki nyingi, akimwazia Mama Chaula na mkono wake juu kama askari wa barabarani. Kisha kicheko kikaisha.

Alisema kwamba Jumapili alikwenda nyumbani mjini. Ana binti wa miaka saba, anaitwa Tuzo. Kila Jumapili humsuka. Alikaa nyuma yake, akachana nywele, akagawa mistari, akasuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku wakizungumza habari za shule. Alikuwa akifurahi jinsi mistari ilivyonyooka.

"Halafu akaniuliza, 'Mama, utaanza lini?'"

Lwitiko aliacha kuchezesha vidole.

"Tengeneza hicho cha kuchelewa," Felista akasema.

Idrisa alipoarifiwa, alijibu kwamba sisi tunasikitika sana, na kwamba sisi tuna watu mia nne na jua moja. Hata hivyo hakuwa na mkaza-picha mwingine. Wale wa kikao cha nyuma ya jiko nao walipata habari, na ikatokea hali ya aibu kubwa, kwani hapakuwa na utaratibu wa kufuta uamuzi uliopita bila kupingwa. Mwenyekiti alilitatua hilo kwa kuichukua yeye mwenyewe sahani ya Felista na kuimimina kwenye sinia. Felista alikaa kati yao na kula kwa kushoto, na wakamsogezea mboga.

Kila alfajiri kwa siku tisa, Felista alikaa na gurudumu dogo pajani. Siku mbili za mwanzo kidole hakikujibu, ingawa yeye alihisi kabisa kikizungusha gurudumu. Ilimbidi akitazame kwa macho ili asijiamini. Siku ya tatu kidole gumba kilitikisika. Lwitiko aliandika saa na dakika. Siku ya saba gurudumu lilizunguka, likakwama, likazunguka. Siku ya tisa lilikwenda mara sita kati ya kumi.

Siku ya kumi watu mia nne walijipanga nyuma ya nguzo kungali baridi. Mbingu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chungu kipya. Idrisa alikuja hadi kwenye kiti cha plastiki, akainama, na kwa mara ya kwanza tangu kambi ianze akasema "mimi". Mkononi alikuwa na kikuku cha kwanza.

"Mimi nakuomba, dada. Leo tu. Dakika tisa. Baada ya hapo kitupe."

Lwitiko alikuwa hatua tatu kutoka pale na alisikia. Aliweza kusema neno. Lakini alikumbuka mji ule wa chembe za mchanga, na akajua kwamba mtu yeyote aliyewahi kuuona hana haki ya kumwamulia mwingine. Akangoja.

Felista alikitazama kikuku kwa muda mrefu kuliko jua lilivyoruhusu.

"Ni dakika tisa tisa kama hizi zilizonifikisha hapa," alisema. "Mwite Kipanga wa kuchelewa."

Jua likachomoza. Idrisa akainua mkono, na watu mia nne wakaanza kutembea. Nguzo zikashika moto wa dhahabu toka juu kwenda chini, vumbi likapanda, na kutoka kwenye vumbi wakatokea akina mama na magodoro, wazee na redio, kijana aliyebeba mlango wa nyumba mgongoni. Kipanga alining'inia hewani, akingoja, na kiooni yote hayo yalikuwa ukungu. Kidole hakikwenda.

Felista hakutazama kioo. Aliinamia mkono wake mwenyewe, midomo ikichezacheza, kama mwalimu anayemwita kwa jina mtoto aliyejificha na ambaye anajua kabisa kuwa anasikia. Sekunde tatu zikapita. Sekunde tano. Idrisa alifumba macho.

Gurudumu likazunguka.

Kiooni, mlango uliokuwa mgongoni mwa kijana ukajitokeza kutoka kwenye ukungu, na mbao zake, na misumari yake, na alama za urefu wa watoto zilizochorwa kwa kalamu pembeni. Kipanga akasonga. Hakuwa yule wa zamani. Alifika kila mahali akiwa amechelewa kidogo, akausaka uso, akaupoteza, akaupata. Mara nne picha ilitia ukungu. Mara nne watu walioangalia walisogea mbele vitini bila kujua, wakimsaidia kutafuta. Na alipofika mwisho, binti akageuka, na kwa nusu pumzi hapakuwa na binti bali kivuli laini chenye rangi ya asubuhi. Kisha macho yake yakaja, taratibu, yakiwa na jua ndani yake.

Roboti wote wabeba taa walisimama, ingawa hakuna aliyewaamuru.

Idrisa ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema ilikuwa nzuri, nzuri mno, lakini kuna ukungu sehemu nne. Jua bado liko chini, na tukiharakisha tunaweza kurudia.

Felista aliinua uso. Jasho lilikuwa limemlowesha hadi shingoni kana kwamba amelima.

"Haturudii," alisema. "Hizo sehemu nne ndizo mkono wangu."

Idrisa akageuka kumtafuta mhandisi, atoe hoja ya kitaalamu. Lwitiko hakumsikia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti cha plastiki. Picha ilikuwa imekwisha na Kipanga ametua, lakini kidole cha Felista kilikuwa bado kinazungusha gurudumu, mbele na nyuma, na yeye alikitazama kikimwitikia, wala hakukizuia.